Kurasa Zisizozikwa

Neno "mwiko" lilitoka chini ya stesheni ya Tabora, likapanda mnara wa Kanyenye, likavuka paa za mtaa wa Cheyo na kutua nyuma ya sikio la kulia la Mama Kulwa kabla mwenyewe hajamaliza kuvuta pumzi.

"Doto, hebu nipe huo mwiko," akasema, na maji ya ugali yanachemka.

Asiyejua angeona mama anaomba mwiko tu. Kumbe neno hilo lilimpotea miaka miwili nyuma, siku kiharusi kilipompiga akianika mpunga uani, na tangu hapo lilikuwa halikai tena kichwani mwake. Lilikaa ghalani, pamoja na majina ya wakwe zake, njia ya kwenda sokoni na rangi ya gauni alilofungia ndoa.

Kifaa kilichofanya kazi hiyo kiliitwa kishikizo. Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi, kimepandikizwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, na chenyewe hakikuhifadhi kitu. Kilikuwa mlango tu. Pale sehemu ya ubongo iliyokufa ilipotakiwa kutoa jambo, kishikizo kiliomba na Ghala likajibu. Ghala lilikuwa pango refu lililochimbwa chini ya reli, na ndani yake kumbukumbu za watu laki mbili wa mkoa mzima zilikaa katika vipande vidogo vilivyoitwa kurasa. Aliyezisimamia hakuwa mtu. Ilikuwa sehemu ya mfumo endeshi, jina lake Mgawaji. Mgawaji alimpa kila mvaaji kurasa alizohitaji, akaandika kwenye daftari lake nani ana nini, na ukurasa ambao mwenyewe hakuuita kwa siku arobaini aliuchukua, akaufuta, akampa mwingine. Nafasi haikutosha, na wagonjwa wa kiharusi hawakuwa wakipungua.

Doto alikuwa mhandisi wa huyo Mgawaji. Mtaa mzima ulimwita mama yake Mama Kulwa, kwa sababu Kulwa ndiye pacha aliyetangulia kuzaliwa. Kulwa alifariki akiwa na miaka saba, kwa homa ya siku mbili. Doto aliyefuata alibaki, akakua, akasoma mpaka walimu wakachoka, na bado hakuna aliyewahi kumwita mama yake Mama Doto. Hakulalamika, ingawa kuna siku ilimuuma.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, maneno yalianza kuchelewa. Wavaaji walikuwa wameongezeka na Mgawaji alizidiwa. Kuchelewa kwenyewe kulikuwa nusu sekunde, na asiye mgonjwa atauliza nusu sekunde ni kitu gani. Ni muda unaomtosha muuza nyanya kukumalizia sentensi. Mama Kulwa alirudi sokoni siku moja bila nyanya, akavua kitenge, akaketi.

"Siendi tena," alisema. "Mimi si mtoto wa kumaliziwa maneno."

Kwaya nayo akaacha. Doto alikuwa akimwangalia mama yake anavyokaa dirishani kimya, mama ambaye zamani alikuwa hanyamazi hata akilala, na alipopewa kazi ya kupitia msimbo wote wa Mgawaji, yaani amri alizoandikiwa, ili kumwongezea kasi, aliichukua kama mtu aliyeambiwa akamtoe ndugu yake mahabusu.

Katika Karakana ya Vishikizo palikuwa na desturi. Msimbo haukupitiwa na mtu mmoja kimyakimya. Mmoja alisoma kwa sauti, wenzake wakasikiliza, na kila kilichoandikwa kilisomwa, hata yale maelezo ya pembeni ambayo mashine huyaruka. Desturi hiyo aliianzisha Mzee Pazi Kondo, Mzaramo wa Maneromango, aliyemjenga Mgawaji na kumfundisha Doto kazi kwa miaka kumi na mmoja. Alidai macho yake yanamdanganya kuliko masikio.

Kwa siku sita Doto alisoma vitendakazi mia mbili na kumi na viwili. Kitendakazi ni kifungu cha amri kilichopewa jina, ili programu ikiihitaji kazi hiyo ikiite kwa jina badala ya kuziandika amri zote upya. Ubaya ni kwamba kuita nako kuna safari yake: mashine inasimama, inaweka alama pale ilipoishia, inaruka hadi kilipo kitendakazi, inafanya kazi, inarudi. Ni kama mpishi aliyeweka chumvi yake kwa jirani. Mchuzi utaungwa, lakini kila sufuria ni mwendo. Dawa yake ni kupachika, yaani kuzitoa amri za kitendakazi huko zilipo na kuziweka palepale zinapohitajika. Si vyote vinavyofaa. Kitendakazi kikubwa ukikipachika mahali hamsini, programu inavimba na unarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kinachotafutwa ni kidogo kinachoitwa mno.

Doto alipata kumi na vinne vya namna hiyo. Kumi na tatu havikuwa na neno. Cha kumi na nne kiliitwa zika_ukurasa. Kilikuwa na mistari minne tu: mitatu ya kuujaza ukurasa sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, mmoja wa kuurudisha ghalani. Kiliitwa mara milioni sita kwa sekunde. Ajabu ni kwamba kilikaa peke yake kwenye faili lake, mbali na wenzake wote, na juu yake palikuwa na maelezo. Doto akayasoma kwa sauti, kama desturi ilivyotaka.

"Wewe Mnyamwezi mpagazi, mzigo huu uache hapohapo nilipoutua. Ukiuhamisha, wafu wataingia nyumba za watu bila kupiga hodi. Pazi."

Chumba kizima kiliangua kicheko.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, watu walipobeba mizigo vichwani kutoka bara hadi pwani, na mtani akikutukana hununi, unamrudishia. Pazi na Doto walitukaniana miaka yote hiyo. Mafaili ya Mgawaji yalijaa matani yake. Mahali fulani aliandika, "Hapa Mnyamwezi atue apumzike, kurasa zimsubiri." Pengine, "Mstari huu hauhitaji akili, ndiyo maana nimemwachia Doto." Mwezi wa sita Pazi alifariki, na Doto akaenda Maneromango kuzika kama mtani. Alivaa koti la marehemu na miwani yake, akaketi juu ya udongo wa kaburi, akanyanyua mkono. "Mazishi yasimame! Kaburi hili halijapitiwa. Nani amelisoma kwa sauti?" Hakuondoka mpaka wafiwa walipomkomboa kwa kuku. Watu walicheka huku wanalia, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa hiyo siku ile, kwenye chumba cha kupitia msimbo, alivua miwani akaifuta.

"Mzaramo huyu hata kufa hajui," alisema. "Bado anaongea."

Rwegasira, mkuu wa kitengo, mtu makini asiyependa mzaha kazini, alisubiri kicheko kiishe. "Kuna sababu yoyote ya kiufundi hapo?"

"Hakuna, bosi. Ni mistari minne."

"Basi pachika."

Doto akapachika. Na chini ya maelezo ya Pazi, kwa sababu alimkumbuka mno, akaandika jibu: "Nimeshauhamisha, Mzaramo. Njoo unizuie."

Walipopima, Mgawaji alikuwa ameongeza kasi kwa asilimia thelathini na moja. Walitarajia kumi, au kumi na mbili ikienda vizuri. Mtu aliyepika kilo moja akikuta sufuria ina kilo tatu, angalau huuliza. Wao waliagiza pilau na soda.

Wiki ile Mama Kulwa alirudi sokoni. Aligombana na muuza nyanya dakika kumi nzima, hakukwama hata neno moja, akarudi nyumbani na nyanya na ushindi. Alirudi kwaya. Doto alimsikia akiimba jikoni, akasimama koridoni na mkoba begani, akafurahi kuliko alivyofurahi siku alipopata shahada.

Jumamosi ya wiki ya tatu, asubuhi, alikuta kigoda kimewekwa mlangoni, ubavuni mwa fremu. Alijikwaa nusura aanguke.

"Mama, kigoda kinafanya nini hapa?"

"Kiache. Cha kutulia ndoo."

"Ndoo ya nani?"

Mama aliendelea kuchambua mchele. "Ya mwenzako. Anakuja anasimama hapo na ndoo kichwani, ananiambia nitue. Nami nikinyanyua mikono sishiki kitu. Nikaona angalau pawe na mahali pa kuiweka."

"Mwenzangu nani?"

"Una wenzako wangapi, Doto?"

Doto aligeuka. Mlango ulikuwa wazi, nje kulikuwa na jua la kawaida na kuku wa jirani, na bado nywele zilimsimama. Aliogopa ugonjwa kwanza, kwamba kiharusi kingine kinakuja. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa mashine, akaiogopa mashine.

Jumatatu alikuta taarifa tatu mezani. Fundi cherehani wa Isevya, ambaye hajawahi kuolewa, alikuwa analia kwa ajili ya mume aliyezama mtoni. Mwalimu mstaafu alijua kusoma kaburi kwa kaburi majina ya makaburini kwenye kijiji asichowahi kufika. Na mzee mmoja wa Kanyenye, aliyekuwa kondakta wa treni, aliinuka kwenye kiti kwenda kumfungulia geti mkewe anayekohoa nje, akaporomoka kwenye ngazi, akavunjika nyonga.

"Uzee huo," alisema Rwegasira. "Wazee huona mengi."

"Mke wa yule mzee yuko hai, bosi. Alikuwa amekaa naye sebuleni. Sasa kikohozi ni cha mke wa nani?"

Doto akarudi kwenye meza yake.

Safari hii hakufungua msimbo waliouandika watu. Alifungua kile kinachotoka kwa mkusanyaji. Mkusanyaji ni programu inayopokea msimbo wa watu na kuugeuza kuwa amri za mashine, na njiani hupunguza kila inachoona ni kazi ya bure. Doto aliitafuta ile mistari minne ya zika_ukurasa. Akaukuta mmoja: wa kuurudisha ukurasa ghalani. Ile mitatu ya kujaza sifuri haikuwepo popote.

Alielewa papo hapo, na kuelewa kulimchoma. Kitendakazi kilipokuwa kwenye faili lake peke yake, mkusanyaji hakuweza kuona ndani. Aliambiwa aite, akaita. Kilipopachikwa, aliona kila kitu. Aliona mtu anauandika sifuri ukurasa ambao programu haitausoma tena. Kuna maana gani kupiga deki nyumba unayoihama? Akaitupa kazi hiyo, bila ubaya wowote, kama mfanyakazi mwenye bidii asiyeuliza. Kasi waliyoisherehekea kwa pilau haikuwa ufundi wa Doto. Mgawaji alikuwa ameacha kuzika. Kwa wiki tatu kila ukurasa uliotoka kwa mtu uliingia kwa mwingine na vilivyokuwamo.

Pazi alilijua hilo. Ndiyo sababu alikitenga. Alimwambia Doto wazi kabisa, ila alimwambia kwa lugha ambayo wao wawili, kwa miaka kumi na mmoja, hawakuwahi kuitumia kuambiana ukweli. Na chini yake, kwenye kioo cha kompyuta, palikuwa na jibu la Doto mwenyewe: Njoo unizuie. Aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, na wenzake wakajifanya wanaandika.

Mchana uleule walikirudisha kitendakazi mahali pake, na kuvuja kukakoma. Lakini kurasa zilizokwisha kuchafuka zilikuwa bado vichwani mwa watu. Hizo zilihitaji kufagiwa zote kwa pamoja, na wakati wa kufagia mvaaji asiwe barabarani wala jikoni. Hospitali zilitangaza: kesho, saa nane mchana, kila mwenye kishikizo awe ameketi.

Doto alilitazama daftari la Mgawaji kabla ya kutoka kazini. Ukurasa uliompa mama yake mtoto wa mlangoni ulikuwa umetoka, wiki tatu nyuma, kwenye kishikizo cha mtu wa Urambo aitwaye Kasanda. Kwanza alidhani kuna kosa, kwani Kasanda alikuwa hai na bado anavaa kishikizo. Akaangalia tena. Halafu akajaribu kuona kama unaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Nusu yake ilikuwa imekwisha kuandikwa bei za nyanya na ubeti wa kwaya, na nyuzi zilizoufunga kwenye ubongo wa Kasanda zilikuwa zimekatwa siku ulipotolewa. Angeuona, lakini ungekuwa mgeni kwake kama ulivyo kwa mtu mwingine yeyote.

Alifika nyumbani jua halijazama. Mama alikuwa ameketi akikitazama kigoda.

"Mama, nina jambo baya la kukwambia. Mimi ndiye nimelifanya."

Alimweleza yote, taratibu, hata utani wa Pazi.

"Kwa hiyo yule si Kulwa," Doto alimaliza. "Ni mtoto wa watu wengine. Nisamehe, Mama."

"Najua si Kulwa."

Doto alimwangalia.

"Kulwa ningemjua hata kwa kivuli. Kulwa hajawahi kubeba ndoo maisha yake yote, bomba lilikuwa humu ndani. Yule ana miaka kumi, kumi na moja. Ana gauni la njano limelowa begani, maji yanamwagika kidogo kidogo. Shingo inatetemeka." Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Siku ya kwanza nilijidanganya. Ya pili nikajua. Lakini mtoto amesimama mlangoni kwako na mzigo kichwani, anakuambia nitue. Utamwambia wewe si wangu, endelea na safari?"

"Kesho tunafagia. Na si yeye tu atakayeondoka. Yote uliyoyaandika juu ya ukurasa ule wiki hizi tatu yatakwenda. Utasahau kwamba alikuja."

Mama alikitazama tena kigoda.

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi twende kwao kabla sijasahau."

Walipanda treni ya umeme ya saa nne asubuhi. Njiani, miombo ikikimbia dirishani kijani kibichi kwa mvua, Doto alifungua faili lenye kitendakazi kimoja. Jibu lake alilifuta. Maelezo ya Pazi aliyaacha kama yalivyo, na chini yake akaandika: "Huu si utani. Doto." Hakuona zaidi ya kuongeza.

Nyumba ya Kasanda ilikuwa nje kidogo ya mji, nyuma ya mabanda ya zamani ya tumbaku. Mkewe aliwapokea uani, mwanamke mrefu mwembamba aliyejibu simu ya Doto jana kwa neno moja tu, "Njooni."

"Mwangaluka, mayo," Mama Kulwa alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka. Karibuni ndani. Mzee yupo."

Mzee Kasanda alikuwa mcheshi, mkono mmoja umelegea kidogo, kishikizo kipya kabisa nyuma ya sikio. Alifurahi kupata wageni. Aliwauliza habari za Tabora, bei ya mahindi, treni zilivyo. Doto alipoulizia watoto, alihesabu bila kukwama hata kidogo.

"Wanne. Wote wa kiume. Mungu hakunipa binti, lakini silalamiki."

Mkewe aliinuka na kutoka nje na vikombe ambavyo vilikuwa safi. Doto akamfuata. Walisimama karibu na karo, na mwanamke akafungua maji yakaanguka juu ya vikombe muda mrefu.

"Alikuwa anaitwa Nyamizi," alisema. "Ndiye mkubwa wao. Wiki ile pampu ya jua ilikuwa imeharibika, baba yake akamtuma kisima cha zamani, kule bondeni. Akateleza. Miaka kumi na sita sasa. Huyu mzee hakuwahi kulitaja jina lake tena, hata siku moja. Watu walisema ana roho ngumu. Lakini mimi nalala naye, najua. Miaka kumi na sita hajapita njia ya kisimani. Anazunguka kwa akina Mihayo, anarefusha mwendo, mvua au jua, mradi asipite pale."

Alifunga maji.

"Alipopata kiharusi wakamwekea hicho kidude. Kimemsaidia, sikatai. Majina ya watu yote anayo. Lakini wiki tatu hizi anapita njia ya kisimani, dada yangu. Anapita anapiga mluzi. Nilipomuuliza juu ya Nyamizi, akaniuliza, Nyamizi wa kwa nani?"

Doto alishikilia ukingo wa karo. Siku arobaini. Mtu asipouita ukurasa kwa siku arobaini, Mgawaji anaona hauhitajiki. Hakuna aliyemfundisha Mgawaji kwamba kuna kitu mtu hakiiti kwa sababu kipo pale muda wote. Kosa lake lile la wiki tatu lilikuwa limewatisha watu, limemvunja mzee nyonga, na lilikuwa lazima lirekebishwe. Lakini kabla ya kosa, mfumo ulipokuwa unafanya kazi sawasawa, wote wakila mishahara na kupongezana, kitendakazi kile kilikuwa kinazika kina Nyamizi kila siku na hapakuwa na aliyejua kuuliza.

"Ningemwomba msamaha," alisema, "lakini hatajua ni wa nini."

"Niombe mimi."

"Nisamehe, mama."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akachukua vikombe vyake.

Ndani, saa nane kasoro dakika sita, Mama Kulwa alikuwa anamsimulia Kasanda. Alikuwa amesogeza kiti karibu naye na kuongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayefikisha salamu alizotumwa.

"Ana gauni la njano. Nywele amesukwa mistari sita, mmoja umefumuka. Anapochoka anauma mdomo wa chini, upande huu. Hajalia hata mara moja. Anasema tu, nitue."

"Maskini," Kasanda alisema. "Na wewe unamwona kweli?"

"Hivi sasa yupo pale mlangoni kwako."

Mzee aligeuka akatazama mlango. Palikuwa na mwanga, na mkewe aliyekuwa anaingia na sinia, akasimama.

"Pole sana, mama," Kasanda alisema. Kisha, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mgeni, aliegemea fimbo akainuka, akaiacha fimbo kitini, akaenda mlangoni. Alinyanyua mikono yote miwili, ule mzima na ule uliolegea, mpaka kimo cha mtoto wa miaka kumi. Akashika kitu ambacho hakikuwepo. Akakishusha polepole, akakiweka sakafuni, hata akakisawazisha kisimwagike.

"Haya," alisema. "Mtoto wako ametua."

Mama Kulwa alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka.

"Mzee, rudi ukae tafadhali," Doto alisema. "Dakika moja imebaki. Kaa, baba."

Mkewe aliweka sinia chini, akamshika mkono akamrudisha kitini. Saa ya ukutani ilifika saa nane. Hapakuwa na mlio wala mwanga. Mama Kulwa alipepesa macho mara mbili, akajigusa shavu, akashangaa kuona vidole vimelowa. Alimtazama binti yake, akaitazama sebule ya watu, akamtazama mzee aliyekuwa bado anahema.

"Mbona mwenzetu unahema hivyo?" alimuuliza kwa ucheshi. "Umebeba nini?"

"Si nilikuwa namtua mtoto wako ndoo?"

"Mtoto wangu?" Mama Kulwa alicheka kidogo, kwa adabu, kama anayemrekebisha mwenyeji. "Huyu Doto ndiye mtoto wangu. Mwenzake alifariki zamani, na ndoo hakuwahi kubeba. Labda ni mtoto wa mwingine."

Kasanda alitazama mlangoni, kisha akamtazama mkewe, akisubiri asaidiwe.

"Ni Nyamizi," mkewe alisema.

Wazee wale wawili waliitikia kwa vichwa taratibu, kwa heshima, kama mtu anavyoitikia anapotajiwa jina la mtoto wa watu asiowajua.